Kabla ya Kushika Waya

Kwa jina lake Manani,
Mwenye nuru ya mbinguni,
Na radi ya mawinguni,
Naanza kuhadithia.

Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama watu wa hadithi hii ni wachache, na yafaa wajulikane kabla ya jambo lao kujulikana.

Katika mtaa wa Shella, mjini Malindi, mnamo miaka ya themanini, alikuwako mama aliyeitwa Bi Mishi. Kazi yake ilikuwa kushona kofia za vito, zile zinazotariziwa kwa tundu ndogo ndogo. Mumewe, Bwana Abdulghani, alikuwa na duka dogo la mafuta ya taa. Mwana wao alikuwa Amin, kijana wa miaka kumi na saba, aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu vizuri hesabu na fizikia. Ndugu yake Bi Mishi, Athman, alikuwa fundi wa kutia nyaya za umeme majumbani, naye Amin alikuwa akijifunza kwake. Na katika nyumba ya mtu mwingine, nyuma ya nyumba yao, alipanga chumba jirani mmoja, Kombe Thoya, mzaliwa wa Jilore. Huyu alikuwa mfanyakazi wa shirika la umeme, mpanda nguzo.

Watu ndio hao. Na jambo lao lilianza kwa kijiko.

Siku hiyo Bi Mishi alikuwa amepakua chakula cha mchana, wali wa nazi na mchuzi wa papa. Waliketi mkekani watatu, wakaizunguka sinia. Abdulghani alisema Bismillahi, akatia mkono. Bi Mishi akatia mkono. Amin hakutia.

"Mama," alisema, "naomba kijiko."

"Kijiko cha nini?"

"Cha kulia."

Abdulghani alicheka. "Tumepata Mzungu nyumbani! Kesho atataka meza, na keshokutwa atataka kiti."

Amin hakucheka. Bi Mishi alimtazama. Tangu mwanawe aachishwe ziwa, hajapata kula wali kwa kijiko ndani ya nyumba ile. Akaona kwamba mkono wake wa kulia umefichwa chini ya kikoi.

"Toa mkono," alisema.

"Si kitu, Mama."

"Amin. Toa mkono."

"Naam," alijibu Amin, akautoa.

Kiganja kilikuwa kimefungwa kitambaa kichafu cha kufutia vyombo vya kazi. Bi Mishi alikifungua polepole. Ndani yake aliona mstari mweusi wa ngozi iliyoungua, umekata kiganja chote kutoka upande huu hadi upande ule.

"Nini hiki, mwanangu?"

"Umeme, Mama."

Hakuna aliyeendelea kula. Walimpeleka zahanati saa ile ile. Muuguzi alikiosha kidonda kwa maji safi, akakifunga bendeji, akamwambia Bi Mishi, "Usimpake siagi, wala dawa ya meno, wala mafuta yoyote. Mlete kila tunapomwita. Na mshukuruni Mungu. Wengi hawaletwi hapa wakiwa wanatembea."

Maneno hayo ya mwisho Bi Mishi alirudi nayo nyumbani kama mtu aliyebebeshwa gunia.

Alasiri Athman alifika. Aliingia akiwa ameinamisha kichwa, akaketi karibu na mlango.

"Dada, sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Niambie ilivyokuwa."

"Nilizima, wallahi nilizima! Kumbe nyumba ile ina njia mbili za umeme. Nilizima ya chini, na waya ulikuwa wa juu. Alipoushika, ukamvuta. Bahati yake ngazi iliteleza akaanguka, ukamwacha. Lau ngazi ingalikuwa imara..." Athman hakumaliza.

"Na yeye hakukuuliza?"

"Aniulize nini? Mwanao ana adabu, Dada, mji mzima unajua. Nilimwambia, 'Nimezima, shika.' Akanijibu, 'Naam, Mjomba.' Akashika."

Neno lile, naam, Bi Mishi alimfundisha yeye mwenyewe, tangu mtoto hajajua kufunga kikoi chake. Akiitwa na mkubwa, aseme naam. Akitumwa na mkubwa, aseme naam. Majirani walimsifu kwa neno hilo. Na leo neno hilo limempandisha ngazi na kumshikisha moto.

"Basi," alisema. "Umeme umekwisha katika nyumba hii."

"Haukuwamo," alisema Abdulghani, akitazama kandili iliyoning'inia ukutani. Lakini hata yeye hakuwa na nguvu ya kucheka.

Tangu siku hiyo Amin alikaa dukani kwa baba yake. Alipima mafuta ya taa kwa mkono wa kushoto na kuwajibu wateja kwa upole. Alikonda. Lori la shirika la umeme lilipopita na ngazi zake, alilitazama mpaka likapotea. Bi Mishi aliyaona hayo yote akiwa na kofia na sindano mkononi, na mara nyingi alijidunga.

Jioni moja, kabla ya Magharibi, Kombe Thoya alikuja dukani na chupa tupu. Abdulghani alikuwa ndani akipima mafuta, na Athman alikuwa ameketi barazani.

"Jamani, njooni mwone!" alisema Athman. "Bwana Stima amekuja kununua mafuta ya taa!"

"Nicheke tu, Fundi," alijibu Kombe. "Mwenye nyumba wangu amekataa kutiwa nyaya. Asema umeme huita radi. Mchana kutwa nawapelekea watu mwanga, na jioni natafuta kiberiti kwa kupapasa." Kisha akaona bendeji. "Amin, mkono una nini?"

Amin alimtazama mjomba wake. Athman alieleza mwenyewe, kwa sauti ndogo. Kombe hakumlaumu. Aliweka chupa yake chini, akauliza:

"Kijana, bado waitaka kazi hii?"

"Naitaka," alisema Amin.

"Basi sikiliza. Shirika letu linachukua wanagenzi. Mwanagenzi ni mwanafunzi wa ufundi aliyeajiriwa ili afundishwe. Huenda chuoni Nairobi kwa muda, akasoma. Kisha hurudi kazini, akatenda alichosoma, chini ya fundi anayemsimamia. Kisha huenda tena chuoni. Miaka mitatu huwa hivyo. Mwisho hufanya mtihani wa ufundi wa serikali, akapewa cheti. Na kila mwezi, tangu mwezi wa kwanza, hulipwa."

"Nani hulipwa?" aliuliza Athman.

"Mwanafunzi."

Athman alipiga paja lake. "Kombe, huko Jilore mnatania hivyo? Kwetu mwanafunzi ndiye humtolea fundi wake kilemba. Hufagia, hubeba ngazi, hufua nguo za fundi, na siku ya kuhitimu huleta kilemba na shukrani. Leo waniambia fundi amtolee mwanafunzi?"

Nyuma ya pazia la mlango, Bi Mishi alikuwa ameacha kushona. Hajapata kusikia mtu akilipwa kwa kutojua kazi. Aliona hapana budi kuna jambo limefichwa. Akajitanda kanga, akatoka.

"Shikamoo, Mama Amin," alisema Kombe.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Niambie kweli. Wamlipe kwa lipi? Wanamnunua?"

"Hapana, Mama. Shirika lina nguzo nyingi na mafundi wachache. Laona ni heri kumfundisha kijana vizuri kuliko kumchukua asiyejua, akaunguza mashine au akaungua yeye. Fedha anayopewa si mshahara wa fundi kamili. Ni ya kumwezesha kula na kuishi, asilazimike kuacha masomo. Na kila mwaka akipanda, nayo hupanda."

"Na hiyo miaka mitatu, atafungwa?"

"Kuna mkataba. Mkataba humfunga yeye asitoroke masomo wala kazi. Lakini humfunga na mwajiri pia. Humlazimu amfundishe, asimfanye mfagiaji tu. Na kwa kuwa Amin hajatimiza miaka kumi na minane, hawezi kuingia peke yake. Lazima mzazi atie sahihi. Msipotia, haendi."

Basi jambo lote lilikuwa limerudi mikononi mwa Bi Mishi.

"Waya wa chumbani umemfanya hivi," alisema. "Je, waya wa nguzoni? Niambie, Kombe, nami ni mama yako. Kwenu hakujapata kufa mtu?"

Kombe aliangalia chini. "Nisikudanganye, Mama. Kazi hii ina hatari. Nilikuwa na rafiki, tulianza pamoja kazi nyingine, kwa mkandarasi mmoja, zamani. Mkubwa wake alimwambia laini imezimwa. Mkubwa yule alikuwa mtu mzima, mwenye heshima zake. Rafiki yangu aliona haya kupima mbele yake, asije akaonekana anamkadhibisha. Akapanda. Nilimzika mimi."

Mafuta yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mrija wa pipa, na Abdulghani hakuyaona.

"Ndiyo maana," aliendelea Kombe, "somo la kwanza chuoni si nyaya. Somo la kwanza ni kutoamini neno la mtu yeyote. Akikwambia imezimwa, ng'oa fyuzi, tia mfukoni mwako wewe unayepanda. Kisha chukua testa, kile chombo cha kupimia. Na testa yenyewe ijaribu kwanza mahali penye umeme, isije ikawa imekufa ikakudanganya. Ndipo uupime waya wako. Ndipo ushike. Hata aliyekwambia awe meneja. Hata awe baba yako. Vijana wengi wenye akili hushindwa hapo. Si kwa ujinga, Mama. Kwa haya."

Alichukua chupa yake, akasita. "Na jambo moja zaidi. Maombi anaandika Amin mwenyewe, kwa mkono wake, na kuyapeleka ofisini pamoja na nakala za vyeti vya shule. Hapana mtu wa katikati. Yeyote atakayewaomba kitu ili kijana apate nafasi, mfukuzeni. Nafasi haiuzwi."

Usiku wa siku hiyo Bi Mishi hakupata usingizi, wala usiku uliofuata. Aliogopa kumpeleka. Aliogopa kumzuia. Zaidi ya yote aliogopa neno moja, naam, kwa sababu alimjua mwanawe kama ajuavyo tundu za kofia zake.

Zikafika siku za mvua kubwa. Jioni moja maji yalijaa uchochoroni, na Abdulghani akashindwa kwenda msikitini. Wakasali Magharibi nyumbani. Abdulghani alitangulia kuwa imamu, Amin akasimama kuliani kwake, na Bi Mishi nyuma yao.

Abdulghani alikuwa na mawazo mengi. Rakaa ya tatu ilipomalizika, badala ya kuketi, alisimama aanze ya nne. Magharibi haina rakaa ya nne. Bi Mishi alingoja Amin aseme "Subhanallah", kama ilivyo sharia mwanamume kumkumbusha imamu aliyesahau. Amin alikuwa kimya. Akangoja kidogo. Amin akasimama pamoja na baba yake, kimya vile vile.

Basi Bi Mishi akafanya kama ilivyo sharia kwa mwanamke. Alipiga kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, kofi moja. Tap!

Abdulghani aliketi mara moja. Akamaliza sala, akasujudu sijda mbili za kusahau, akatoa salamu. Kisha akageuka.

"Amin, hukujua kwamba nimezidisha?"

"Nilijua, Baba."

"Mbona hukunikumbusha?"

"Nilikuonea haya."

Hapo ndipo Bi Mishi alipoiona ngazi, na waya, na mwanawe akisema naam.

"Nisikilize, mwanangu," alisema Abdulghani, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Mbele ya Mwenyezi Mungu, hakuna mwenye daraja katika sala kama imamu. Na bado akikosea, aliye nyuma yake amewekewa neno la kumkumbusha. Neno lenyewe si tusi. Ni tasbihi. Wewe ulipokaa kimya hukuniheshimu. Uliniacha nikosee peke yangu."

Amin aliinamisha kichwa. Na Bi Mishi, aliyekuwa ameketi nyuma yao, alisema kwa ghafla:

"Itampasa ajifunze. La sivyo, sitii kidole wala sahihi."

"Kujifunza nini?"

"Kutukataa."

Kuanzia kesho yake, nyumba ile ikawa chuo. Bi Mishi alikuwa akitoa sufuria jikoni, akaiweka mbele ya Amin na kusema, "Imepoa, mwanangu. Ishike." Mara nyingine ilikuwa imepoa kweli. Mara nyingine ilikuwa na joto. Mara ya kwanza Amin alisema "Naam," akashika, akaruka.

"Nani kakwambia ushike?"

"Wewe, Mama!"

"Mimi ni nani?"

"Mama yangu."

"Basi hata mimi nipime!"

Abdulghani alikuwa na mashaka. "Mke wangu, hatufundishi jeuri hapa? Kesho nitamtuma dukani aniulize kwa nini."

"Jeuri ni kukataa kwa kiburi. Mimi nataka akatae kwa adabu. Hebu tumtafutie maneno, nawe ndiwe msomi."

Abdulghani alifikiri, akishika ndevu zake. Kisha akasema, "Na aseme hivi: 'Kwa heshima yako, naomba nihakikishe kwanza.' Heshima imetangulia, haja imefuata. Hakuna mzee mwenye akili atakayechukia."

Amin aliyarudia maneno hayo mbele ya sufuria, mbele ya birika, mbele ya pasi ya makaa. Mwanzo yalimtoka kama mtu aliyemeza mwiba. Siku zilipopita, yakalainika. Lakini kila Bi Mishi alipomsikia alijiuliza, "Hapa ni nyumbani. Atakapokuwa mbele ya mgeni mwenye mvi, je?"

Amin aliandika maombi kwa mkono wake uliopona. Akayapeleka ofisini. Majibu yalikawia, na Bi Mishi alitamani yaje na kutamani yasije. Hatimaye aliitwa kwenye usaili, uwanjani kwa shirika, na mzazi wake aje naye.

Siku hiyo walikwenda wote watatu. Uwanja ulikuwa umezungushiwa ua wa waya wa matundu. Vijana waliingia, wazazi wakabaki nje. Bi Mishi alishika ua kwa vidole, akatazama. Katikati ya uwanja palikuwa na nguzo fupi na waya uliovutwa. Kando yake palikuwa na meza yenye vyombo. Mbele ya meza alisimama mzee mrefu mwenye nywele nyeupe pepepe, miwani puani.

"Yule ni Mzee Ochola," alisema Kombe, aliyekuwa amepumzika kazi ya siku ile. "Amewafundisha hata wakubwa zetu. Mimi mwenyewe bado namwogopa."

Maneno hayo hayakumsaidia Bi Mishi.

Kijana wa kwanza aliitwa. Mzee Ochola alisema jambo, kijana akaenda, akashika waya, akarudi. Wa pili vivyo hivyo, na waliofuata. Wote walitoka wakitabasamu. Kisha akaitwa Amin.

Bi Mishi hakusikia kitu, kwa sababu upepo ulikuwa ukivuma kutoka upande wa wazazi. Aliona tu. Aliona Mzee Ochola akinyoosha mkono kuonyesha waya. Aliona Amin amesimama, mikono nyuma. Mzee akasema tena. Amin hakusogea. Mzee akavua miwani, akasogea karibu, akasema kwa nguvu, mkono ukikata hewa.

"Amekasirika," alisema Abdulghani. "Ya Rabi, amekasirika."

Amin aliinua mkono wa kulia. Bi Mishi aliuona ukienda, ule wenye kovu. Viganja vyake mwenyewe vikainuka, na kimoja kikawa juu ya kingine, tayari kupiga. Lakini alijizuia. Alikishika kiganja kwa kiganja, akakibana mpaka kikauma. Akipiga leo, nani atampigia kesho?

Mkono wa Amin ulipita waya. Ukashuka mezani. Ukachukua testa. Kijana akatembea hadi kwenye swichi yenye umeme, ukutani mwa ofisi kando ya uwanja, akaijaribu testa pale. Kisha akarudi, akaupima waya. Kisha, polepole, akaushika.

Bi Mishi akaachia viganja vyake.

Mzee Ochola alikuja mpaka kwenye ua. "Wazazi wa huyu kijana ni akina nani?"

"Ni sisi," alisema Abdulghani. "Ikiwa amekukosea adabu, tusamehe."

"Mzee mwenzangu, nimewaambia vijana wote maneno mamoja. 'Nimezima mwenyewe, shika.' Waya ule hauna kitu, hata mtoto mchanga angeushika. Wote wakashika, kwa sababu nina mvi. Huyu alinikatalia. Nilimgombeza, akakataa tena. Katika vyombo vyote vilivyo juu ya meza ile, ni yeye peke yake aliyeona testa. Na mnajua alivyoniambia? 'Kwa heshima yako, Mzee, naomba nihakikishe kwanza.' Miaka yote hii sijakataliwa vizuri namna hiyo. Nani alimfundisha?"



"Mama yake," alisema Abdulghani. "Na imamu mmoja aliyesahau."

Wiki hiyo hiyo mkataba uliletwa. Kombe aliwasomea kifungu kwa kifungu, mpaka wakaelewa. Abdulghani akatia sahihi. Kisha akampa mkewe kalamu, ijapokuwa sahihi moja ilitosha. Bi Mishi aliandika jina lake kwa herufi za Kiarabu alizojifunza utotoni katika chuo cha Kurani.

Miaka ile mitatu haikuwa myepesi. Amin aliposoma Nairobi, mama yake alimwaza akiwa baridini. Alipopelekwa kazini Mombasa, kila ngurumo ya radi ilimtoa Bi Mishi mkekani. Hofu haikumwisha, wala hadithi hii haitasema kwamba ilimwisha. Lakini Amin alikuja nyumbani kila Idi, mikono yake yote miwili ikiwa mizima, na fedha ya mwanagenzi ilimletea mama yake nyuzi nzuri za kushonea kofia. Alikula kwa mkono. Hakuomba kijiko tena.

Athman naye hakubaki nyuma. Kombe alimwambia kwamba hata fundi aliyejifunza kwa kutazama aweza kujiandikisha kwa mtihani wa ufundi wa serikali. Alicheka mwanzo. Kisha akaenda. Mara ya kwanza alianguka, mara ya pili akapita. Akanunua testa, na hakuna mwanafunzi wake aliyeungua tena.

Amin alipohitimu na kuwa fundi wa shirika, Abdulghani aliamua kutia umeme nyumbani. Athman alitia nyaya, na Amin, aliyekuwa likizoni, akamsaidia. Alipanda ngazi ukumbini kuunga taa ya mwisho. Athman alikuwa mlangoni, kwenye sanduku la fyuzi.

"Nimezima, Amin," alisema Athman. "Shika."

Kutoka jikoni, palipokuwa na moshi na harufu ya nazi, ikasikika sauti. Tap! Kofi moja.

Amin alicheka juu ya ngazi. "Nimekusikia, Mama. Fyuzi ninayo mfukoni, na nimeshapima."

"Dada!" alilalamika Athman. "Mimi nina cheti cha serikali!"

"Na imamu ana kilemba," alijibu Bi Mishi, "na bado hukumbushwa."

Jioni ile taa iliwaka. Abdulghani aliitazama kandili yake ukutani, akasema, "Na mafuta yangu sasa nimuuzie nani?"

"Mimi hapa," alisema Kombe, chupa mkononi. "Mwenye nyumba bado anaogopa radi."

Ewe Mola, Mwenye kulinda, walinde waliopanda juu ya nguzo mvuani na juani. Wajaalie vijana wetu ulimi wa kuuliza na moyo wa adabu. Na wale wanaobaki chini, wanaobaki majumbani, masikio yao yakiwa mlangoni na viganja vyao vikiwa tayari, wape subira, uwarudishie wapendwa wao wakiwa wazima. Amina.